Tukienda Mjini, Tusipotee Hewani

(Mazungumzo haya yalitolewa kwa wahitimu wa kisomo. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuwahi kuyasikia.)



Leo tunazungumza juu ya simu. Lakini si simu ya hapa kijijini, ambako kila mtu anajua nyumba ya mwenzake. Tunazungumza juu ya simu ya safarini, katika mji wenye watu wengi.

Mavuno yakiisha, wengi wetu huenda Dar es Salaam. Mmoja anapeleka mgonjwa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Mwingine anafuata bidhaa Kariakoo. Mwingine anakwenda kumwona binti yake aliyejifungua. Mji ule si mdogo. Katika sensa ya mwaka 2022, Mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa kuwa na watu 5,383,728. Katikati ya watu wote hao, simu ndiyo uzi unaotuunganisha na nyumbani. Uzi huo ukikatika, msafiri hapati taabu peke yake. Nyumbani nako watu hawalali.

Basi tuulizane: tufanye nini ili uzi huo usikatike?

BANDO NI NINI?

Simu ya kawaida, ile tunayoiita kitochi, hupiga na kupokea, na hutuma ujumbe mfupi. Simu janja, yaani simu ya kupangusa, hufanya hayo yote, na zaidi ya hayo huingia kwenye intaneti. Huko ndiko iliko WhatsApp, ziliko picha, video na ramani. Ili kuingia huko tunanunua bando la data.

Bando hupimwa kwa MB na GB, kama mafuta ya taa yanavyopimwa kwa lita. GB 1 ni kama MB elfu moja. Kuandika maneno kwa WhatsApp hutumia kiasi kidogo sana. Kutuma picha hutumia zaidi. Video ndiyo mlaji mkubwa. Mtu akitazama video kwa saa moja, anaweza kumaliza mamia ya MB. Ndiyo maana mwenzetu mmoja hununua bando asubuhi, na saa sita mchana anasema, "Jamani, wameniibia!" Pengine hakuna aliyemwibia. Video alizotazama ndani ya basi ndizo zilizolimaliza.

Tena, bando lina muda. Lipo la saa 24, lipo la siku 7, lipo la siku 30. Muda ukiisha, bando nalo limekwisha, hata kama hukulitumia. Kwa hiyo tusome maneno yote ya ujumbe wa kampuni kabla ya kukubali. Zamani tulimwomba kijana atusomee. Sasa tunajua kusoma. Tusome wenyewe.

MBONA MTANDAO UNASUMBUA PENYE WATU WENGI?

Watu wengi hudhani kuwa mjini mtandao haukatiki, kwa sababu minara ni mingi. Si hivyo.

Hebu tufikirie bomba letu la maji. Alfajiri, akifika mama mmoja, ndoo inajaa upesi. Saa moja asubuhi wakifika akina mama hamsini, kila mmoja anangoja. Maji ni yale yale, lakini foleni ni ndefu. Mnara wa simu nao uko hivyo. Mnara mmoja huhudumia eneo lake, na watu wote wa eneo hilo hugawana nguvu zake. Pale Kariakoo mchana, au kituo cha mabasi jioni, maelfu ya simu huomba kwa wakati mmoja. Data inakwenda polepole, hata kama bando limejaa.

Tukikutwa na hali hiyo tufanye nini? Tusinunue bando jingine kwa hasira. Tuandike ujumbe mfupi wa kawaida, maana huo ni mwepisi na hauhitaji bando la data. Au tusogee mbali na msongamano, au tutoke ndani ya jengo lenye kuta nene. Tutazame pia juu ya kioo cha simu. Tukiona 4G, data inakwenda vizuri. Tukiona herufi E, data inatambaa kama kobe, lakini simu ya sauti bado yaweza kupita.

Iko pia siku ambapo tatizo si mnara wala bando. Tarehe 12 Mei 2024, intaneti ilisumbua sana Tanzania na nchi nyingine za Afrika Mashariki. Sababu ilikuwa hitilafu katika nyaya zilizolazwa chini ya bahari, nyaya ambazo hutuunganisha na nchi za mbali. Mtu anayetegemea WhatsApp peke yake, siku kama hiyo hana mawasiliano. Kwa hiyo tusiweke mayai yote katika kapu moja. Tuwe na data, na pia tubakize dakika za kupiga simu ya kawaida.

KABLA YA SAFARI

Kazi kubwa hufanyika nyumbani, kabla ya kupanda basi. Yako mambo matano.

Kwanza, tununue bando na dakika tukiwa nyumbani, kwa mkono wetu wenyewe. Kule stendi wapo watu wanaosema, "Mzee, nipe simu nikuunganishie bando." Tusiwape.

Pili, tuzuie bando kuvuja. Ndani ya WhatsApp kuna mahali pa kuzuia picha na video zisijipakue zenyewe. Tuzime data wakati hatuitumii. Debe lenye tundu halifiki nyumbani na maji, hata ukilijaza mara ngapi.

Tatu, tupakue ramani ya mji mapema. Simu janja hujua mahali ilipo kwa kupokea ishara kutoka setilaiti, na kupokea huko hakuli bando. Kinachokula bando ni ile picha ya ramani. Tukiwa tumeipakua kabla, mjini tutaiona hata bila data. Na kama mwenyeji wetu ana WhatsApp, amwombe mgeni amtumie "mahali" alipo. Ataona kwenye ramani kama mgeni yuko Kimara au Mbagala, hata kama mgeni mwenyewe hajui jina la mtaa.

Nne, chaji. Simu iliyozimika haina faida hata ikiwa na GB 10. Mwenye pawabenki aibebe. Asiye nayo apunguze mwanga wa kioo, azime data, na asicheze muziki njiani.

Tano, na hili ndilo kubwa kuliko yote: daftari na kalamu. Tunasema tena, daftari na kalamu. Wengi wetu hatujui kwa kichwa hata namba ya mume au mke. Zote ziko ndani ya simu. Simu ikienda, namba zimekwenda nazo. Kwa hiyo tuandike katika daftari dogo namba ya nyumbani, ya mwenyeji wa mjini, ya mtendaji wa kijiji, na ya huduma kwa wateja ya kampuni ya laini yetu. Kisha tubonyeze *#06#. Kioo kitaonyesha tarakimu 15. Hiyo ndiyo namba ya simu yenyewe, kama namba ya fremu ya baiskeli. Tuiandike nayo. Daftari hilo tusiliweke mfuko mmoja na simu.

TUPANGE SAA

Kuna jambo jingine ambalo halina gharama. Kabla ya kuondoka, msafiri na watu wa nyumbani wapatane saa za kuongea. Kwa mfano saa sita mchana na saa mbili usiku. Katikati ya hapo msafiri anaweza kuzima data, au hata kuzima simu ili kutunza chaji. Nyumbani hawatakuwa na wasiwasi, kwa sababu wanajua saa. Saa mbili ikipita bila habari, hapo ndipo waanze kumtafuta mwenyeji.

TUKIFIKA MJINI

Tangu mwaka 2021 mabasi mengi ya mikoani hufikia kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, wala si Ubungo tena. Tukishuka, tusisimame katikati ya watu tukipangusa simu. Kwanza tushike mzigo, tusogee pembeni, tukae, ndipo tumpigie mwenyeji.

Ndani ya daladala tusikae dirishani huku simu iko sikioni na kioo kiko wazi. Kibaka hahitaji hata nukta tano. Barabarani nako tuwe macho, maana wako wanaopita na pikipiki na kunyakua. Ukitaka kuongea, ingia dukani, geukia ukuta, ongea kwa ufupi.

Mahali pengine tutakuta waifai ya bure. Hiyo inafaa kusoma habari na kuongea na watu. Lakini mambo ya fedha tuyafanye kwa data yetu wenyewe, siyo kwa mtandao wa mtu tusiyemjua.

UJUMBE WA TAPELI

Sasa tufike penye uchungu. Tuchukue mfano. Mama amempeleka mumewe Muhimbili. Kijijini ndugu wamechanga. Mmoja ameuza mbuzi, mwingine magunia mawili ya mahindi. Jioni unaingia ujumbe: "Ile hela tuma kwa namba hii, simu yangu imezima chaji." Ndugu wanasoma. Wanamwonea huruma mgonjwa. Wanatuma. Kumbe aliyeandika hamjui mgonjwa wala mama. Ametuma maneno hayo hayo kwa watu wengi, akingoja mmoja anase.

Ndugu zangu, zamani ujumbe kama huu haukutupata, kwa sababu hatukujua kusoma. Leo tunasoma, basi nasi tumo katika shabaha ya matapeli. Hiyo isitufanye tuogope kusoma. Itufanye tusome na kuuliza. Nani ameandika? Namba hii ni ya nani? Mbona hakutaja jina?

Kanuni yetu iwe moja: bila kusikia sauti, hatutumi. Tumpigie mama kwa namba tunayoijua. Kama haipatikani, tumpigie mwenyeji wake. Kama naye haipatikani, tungoje saa tuliyopatana. Mtu akidai kwamba yeye ndiye mama kwa namba ngeni, tumwulize jambo ambalo watu wa nyumba hiyo tu ndio wanalijua.

Ujumbe wa namna hiyo tusiufute. Mamlaka ya Mawasiliano, yaani TCRA, imeweka namba 15040. Tuupeleke ujumbe huo kwenye namba hiyo, kisha tutume namba iliyotumika kutapeli. Tena tubonyeze *106# tutazame ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chetu cha taifa. Tukiona laini tusiyoijua, twende kwenye ofisi ya kampuni husika tuseme si yetu.

Na namba ya siri ya fedha ni siri. Haitolewi kwa wakala, wala kwa kijana anayetusaidia, wala kwa mtu anayepiga akisema anatoka kampuni ya simu. Tusiiandike katika lile daftari.

SIMU IKIPOTEA

Tusikae kulia kituoni. Tutoe daftari. Tuombe simu ya mwenyeji, au ya mtu wa kuaminika, tupige huduma kwa wateja ili laini ifungwe mara moja. Kufunga laini ni kufunga mlango wa fedha zetu. Kisha tuwajulishe watu wa nyumbani, ili wasidanganywe na mtu mwenye simu yetu. Halafu twende polisi na zile tarakimu 15, tupate hati ya kupotelewa na mali. Laini yenyewe tutaipata tena, namba ile ile, kwa kitambulisho cha taifa na alama za vidole.

NENO LA MWISHO

Ndugu wanakisomo, tulipoanza darasa, baadhi yenu mliuliza, "Kusoma kutanisaidia nini mimi mtu mzima?" Jibu moja ni hili. Bando linanunuliwa na kila mwenye fedha. Lakini kujua bando hilo lina muda gani, ujumbe huu umetoka kwa nani, na namba ya nyumbani ni ipi, hakununuliwi dukani. Kunatokana na kusoma na kuandika.

Kabla ya msafiri wa kijiji hiki kupanda basi, jirani amwulize maswali mawili tu: "Daftari unalo? Mmepatana saa ngapi?"

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini data huenda polepole penye watu wengi, hata kama bando halijaisha?

2. Ni namba zipi utakazoandika katika daftari lako la safari?

3. Umepata ujumbe wa kuomba fedha kutoka namba usiyoijua. Utafanya nini, hatua kwa hatua?

4. Simu yako imeibwa Kariakoo. Utaanza na jambo gani, na kwa nini?