Vyombo vya Kupasulia: Vipi ni Rahisi?

(Hotuba kwa wanachama wanaofanya kazi ya kuosha vyombo hospitalini)



Tumekutana kwa sababu ya neno linalosemwa na waajiri, ya kwamba vyombo vya kupasulia vya kutumia mara moja na kutupa ni rahisi kuliko vya chuma vinavyooshwa na kutumiwa tena. Neno hili latuhusu, maana kuviosha ndiyo kazi yetu. Basi tusilijibu kwa hasira, tulijibu kwa hesabu.

Tuchukue mfano. Koleo la chuma limenunuliwa kwa Sh. 2,000. Kila likitumiwa, maji, sabuni, stima na mshahara wetu ni Sh. 60. Koleo la kutupa ni Sh. 150, na gharama ya kulitupa kwa usalama ni Sh. 10, jumla Sh. 160. Koleo letu likitumika mara 400, bei yake ni Sh. 5 kila mara. Ongeza 60, ni Sh. 65. Lakini likipotea baada ya mara 10, ni Sh. 260! Likifika mara 20, yote mawili ni sawasawa.

Kwa hiyo jawabu haliko katika bei ya dukani. Liko katika utunzaji: vyombo vihesabiwe kabla na baada ya kazi, vifunguliwe na kusuguliwa mara moja kabla damu haijakauka, kisha viingie katika mashine ya mvuke, nyuzi 121 kwa dakika 15 au 134 kwa dakika 3. Kuchemsha katika sufuria hakutoshi.

Mwaka 2001 huko England serikali iliamuru tonsili zikatwe kwa vyombo vya kutupa, kwa kuogopa ugonjwa wa ubongo unaohusiana na kichaa cha ng'ombe, ambao mvuke hauuwezi vizuri. Kabla mwaka huo kwisha amri iliondolewa, kwani wagonjwa wengine walitokwa na damu baada ya kupasuliwa. Chombo dhaifu nacho kina gharama yake.

Lakini tuseme kweli: sindano na nyembe ni za kutupwa, na asije mtu akatuambia tuzioshe ili kuokoa senti. Tena chuma kinachotupwa hakiungui; hubaki katika jivu kikamchoma ndugu yetu anayezoa. Jeraha lake nalo liandikwe katika hesabu.

Basi twataka mambo matatu. Kwanza, hesabu yote iwekwe mezani, si bei ya kununulia tu. Pili, tupewe glavu nene, brashi na mashine iliyo nzima. Tatu, asifukuzwe mtu kabla hesabu hiyo haijazungumzwa na chama.

Nasi kwa upande wetu, koleo lisipotee. Kila linalopotea ni hoja tunayompa mwajiri.