Funga Mzigo wa Foleni, Si wa Safari

Hotuba iliyotolewa Nambale na afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa madereva, utingo na wafanyabiashara wanaovuka mpaka wa Busia na Malaba



Wazee wetu, akina mama wa soko, madereva na utingo mliokubali kuegesha magari kwa muda, vijana wa bodaboda, wahudumu wa afya ya jamii, asanteni kwa kufika. Mimi nimezoea kukaa nyuma ya kamera kwenye mikutano kama huu. Nilipoambiwa leo nizungumze, niliuliza kwa nini mimi na si daktari. Muuguzi mmoja akanijibu, "Kwa sababu wewe ni mgonjwa wetu."

Ni kweli. Mwaka jana nilitumwa kupiga picha za wananchi wakipimwa presha. Watu walipopungua, muuguzi huyo akaniambia, "Na wewe ndugu, weka kamera chini, ukunje mkono." Mashine ikasoma 162 kwa 104. Akanipumzisha, akapima tena, ikabaki palepale. Nina miaka 34. Sikuwa naumwa kichwa wala kuona kizunguzungu. Nilikuwa tu nimetoka wiki mbili za barabarani kikazi, leo Malaba, kesho Port Victoria, kesho kutwa Nairobi. Chakula changu kilikuwa mandazi na chai asubuhi, soda mchana, chipsi jioni, na choma yenye chumvi ya kuchovya saa nne usiku. Ukinihoji wakati ule ningekuambia ninakula vizuri, kwa maana nilikuwa ninashiba.

Presha ni kuanzia 140 kwa 90 kwenda juu, ikionekana hivyo zaidi ya siku moja. Haipigi hodi. Hilo nililijua kwa kuliandika kwenye taarifa. Kulijua kwa mkono wangu mwenyewe ni jambo jingine.

Lakini si mimi niliyenifunza habari ya mzigo. Ni mjomba wangu. Alikuwa dereva wa trela, mtu wa Mombasa, Kampala na Kigali. Mtakumbuka Mei 2020, madereva walipoanza kupimwa korona kabla ya kuvuka, sampuli zikipelekwa Alupe, na foleni ya Malaba ikarudi nyuma mpaka ndani ya Kaunti ya Bungoma. Mjomba alikuwa katikati ya foleni hiyo. Alikuwa amebeba vidonge vya presha vya siku tano, kwa sababu kwa hesabu yake siku ya tano angekuwa amefika Kigali, ambako alijua duka la dawa. Siku ya tano alikuwa hajafika hata kwenye lango. Vidonge vikaisha. Akajisikia mzima, akasema atanunua akivuka. Akawa anakula kilichopita dirishani: mayai, smoki, chapati, soda. Siku ya tisa utingo wake alimkuta ameegemea usukani, mdomo umeenda upande, mkono wa kushoto hauinuki.

Hakufa, tunamshukuru Mungu. Siku hizi anatembea na mkongojo na anauza vocha na sabuni hapa karibu. Mkononi mwake hakuna leseni tena. Ndiyo maana nikija kwenu sitaki kusema habari za mzigo mwepesi na soksi za akiba. Nataka tukubaliane jambo moja: ukipita mpaka huu, usifunge mzigo wa safari. Funga mzigo wa foleni. Barabara kutoka Mombasa hadi Malaba ni kama kilomita 900 na dereva mzoefu anaijua kwa saa. Foleni haina saa. Tangu 2018, Busia ina kituo kimoja cha pamoja cha mpakani ambapo unakaguliwa mara moja badala ya mara mbili, na kazi imekuwa nyepesi kuliko zamani. Hata hivyo Januari 2022, Uganda ilipodai tena madereva wapimwe, malori yalisimama upya. Mtandao ukianguka, malori yanasimama. Mgomo ukitokea, yanasimama.

Kwa hiyo tuanze na dawa. Kama unameza dawa kila siku, iwe ya presha, sukari, kifua kikuu, kifafa au ARV, hesabu siku za safari kisha zidisha kwa mbili. Ukienda kliniki, mwambie mhudumu waziwazi kwamba kazi yako ni ya barabara, ili mpange tarehe ya kuchukua dawa na kiasi utakachobeba. Wengi hawasemi. Wanakaa kimya, kisha wanakosa tarehe, kisha wanaona aibu kurudi. Beba na kile kitabu au karatasi ya kliniki, au angalau ipige picha kwa simu, ili ukiishiwa Tororo au Kampala daktari asikukisie. Kadi ya simu inapotea, karatasi inalowa. Kuwa na vyote viwili si ushamba.

Dawa ikae kwenye begi dogo unaloshuka nalo. Isikae kwenye mzigo mkubwa nyuma ya kiti, na isikae kwenye dashibodi. Dashibodi ya lori saa saba mchana ni jiko. Insulini ndiyo inayoharibika upesi zaidi kwa joto, nawe hutaona tofauti kwa macho, utaona sukari inapanda tu. Iweke mahali penye kivuli na ubaridi, mbali na injini.

Ndani ya begi hilo hilo weka pakiti mbili tatu za ORS, sabuni, na tochi. Neti pia. Mnacheka, lakini mnaolala kwenye kabini huku madirisha yako wazi mnajua mbu wa huku kwetu. Sisi ni ukanda wa ziwa, malaria ni jirani yetu wa mwaka mzima. Dereva wa Mombasa au wa Nairobi anayelala Malaba usiku mbili anaweza kuondoka nayo akaja kuugua akiwa Eldoret, akadhani ni uchovu. Mwambie mwenzako: homa baada ya kulala Malaba, pimwa damu siku hiyo hiyo.

Karatasi nazo. Hapa watu huchanganya, kwa hiyo nisikilizeni. Kuna kadi mbili za njano. Moja ni ya mwili wako, cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Nyingine ni ya gari, Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo ni bima ya kumlinda mtu wa tatu ukigonga ng'ambo. Nimewahi kumwona kijana akimwonyesha afisa wa afya bima ya trela kwa uso wa ushujaa kabisa. Cheti cha chanjo, tangu Julai 2016, hakiishi muda baada ya miaka kumi kama zamani. Ukichanjwa mara moja kinadumu maisha yako yote. Ila chanjo huhesabiwa kuwa imeanza kazi siku kumi baada ya sindano, basi usiende kuchanjwa asubuhi ya safari. Kitambulisho cha taifa kinatosha kwa Mkenya anayeingia Uganda au Rwanda, hiyo ni tangu 2014. Anayeendelea hadi Kongo abebe pasipoti.

Na nyinyi akina mama mnaovuka na nyanya, mitumba au samaki: mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ukiwa wa bidhaa zilizotoka ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na zilizomo kwenye orodha, mna haki ya kutumia cheti rahisi cha asili ya bidhaa palepale mpakani. Ulizeni dawati. Muda unaookolewa hapo ni muda wa kula.

Tuje sasa kwenye kula, na nitakaa hapa kidogo, maana hapa ndipo tunapojidanganya.

Nilipokuwa nikiandaa maneno haya nilizungumza na mama mmoja anayevuka karibu kila siku kwenda kuchukua matunda. Anaondoka nyumbani saa kumi alfajiri na chai kavu. Anakula mara ya kwanza saa tisa mchana. Nikamuuliza maji je? Akasema hanywi. Nikadhani ni bei. Akaniambia, "Mwanangu, nikinywa nitataka choo. Choo ni kulipa, na nikiacha mzigo nani ataulinda?" Nilinyamaza. Kumwambia mtu kama huyo "kunywa glasi nane kwa siku" ni kumkejeli. Lakini kichwa kinachomuuma kila jioni, na maumivu ya mkojo yanayomrudia, vinatoka hapo. Tulichokubaliana naye ni hiki, na nawaomba mkijaribu: nendeni wawili wawili, mmoja akae na mizigo mwenzake aende, na pesa ya choo itolewe kwenye mtaji asubuhi kama inavyotolewa nauli. Anywe kidogo kidogo tangu anapoamka, asisubiri kiu. Suala la vyoo, nimelipeleka ofisini na nitaendelea kulipeleka. Mkiniona, niulizeni limefika wapi.

Dereva naye ana shida tofauti. Anakula, tena sana, lakini anakula usingizi. Ugali mkubwa na nyama saa nane mchana, kisha soda ya kumwamsha, kisha miraa ya kumwamsha kutoka kwenye soda. Soda ya nusu lita huwa na sukari gramu 50 na ushee, hiyo ni kama vijiko kumi na viwili vya chai. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima asizidishe gramu 50 kwa siku nzima, na akipunguza hadi 25 ni bora zaidi. Chupa moja imemaliza siku yako, na bado hujakunywa chai. Chumvi nayo ni kijiko kimoja cha chai kwa siku, yote pamoja, ile ya mboga na ile ya kuchovyea. Miraa inakuondolea njaa na kupandisha mapigo ya moyo. Dawa ya usingizi barabarani ni kulala. Egesha pembeni pazuri, lala hata dakika ishirini.

Sisemi muache choma. Mimi mwenyewe sijaiacha. Ila choma iwe na kachumbari nyingi na sukuma au mrenda nusu ya sahani, ugali upungue. Ukiwa Malaba ng'ambo ukala rolex, mwambie mpishi aweke kabichi na nyanya zaidi, mafuta kidogo, chapati moja si mbili. Hilo si tusi kwake, wanazoea.

Na chakula cha kubeba tunacho, hatuhitaji cha pakiti. Viazi vitamu vilivyochemshwa. Njugu karanga za kukaanga bila chumvi. Ndizi mbivu. Machungwa ya Teso yanayoletwa kutoka Uganda, msimu wake ukifika. Omena iliyokaushwa vizuri na kukaangwa ikakauka, hiyo inavumilia siku kadhaa na ni nyama kamili. Unga wa wimbi na mihogo ukiwa na jiko dogo, uji unakuwa tayari wakati wengine wanasubiri smoki. Mayai ya kuchemsha mle siku hiyo hiyo. Mboga za majani zilizopikwa na maziwa msivibebe kwenye joto. Chakula kilichopikwa kikikaa zaidi ya saa mbili bila kuwa moto au baridi sana, vijidudu vimeshakaribia kabla yako. Mrenda wa asubuhi uliofunikwa kwenye kabini mpaka jioni umewalaza watu wengi, na aliyelaumiwa ni mke aliyeupika.

Mjomba wangu alipoulizwa na vijana wake angebadilisha nini, hakutaja foleni. Alisema angebeba viazi na dawa. Nilicheka, yeye hakucheka.

Mimi sasa nasoma 134 kwa 86, kwa dawa na kwa kuacha soda ya mchana. Chai yangu ina kijiko kimoja, na wenzangu ofisini wamechoka kunisikia nikiisema. Begi langu hili hapa, njooni mlifungue mkitaka: vidonge vya siku kumi na nne kwa safari ya siku saba, karatasi ya kliniki, chupa ya maji, njugu, neti.

Muuguzi yuko pale chini ya mwembe na mashine mbili, hadi saa tisa. Hakuna malipo. Dereva mwenye lori la simiti, umeziba njia ya akina mama, tafadhali lisogeze kwanza, halafu uwe wa kwanza kwenye kiti. Nitakufuata.