KIPEPEO ALIYERUDISHWA NA NG'OMBE

Maneno ya hotuba juu ya matembezi ya majira ya joto huko Uingereza, na funzo lake kwa wakaao karibu na misitu ya Kenya



Katika nchi ya Uingereza mwaka umegawanyika katika majira manne, na yale yanayongojewa kwa hamu kuliko yote ni majira ya joto, yaani miezi ya Juni, Julai na Agosti. Mwezi wa Juni, katika sehemu za kusini, jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri na kutua baada ya saa tatu usiku. Kwa kuwa wamefungiwa majumbani na baridi kwa miezi mingi, watu wa miji na wa mashamba hufunga chakula kidogo, huwachukua watoto wao, na kupanda vilimani kwa miguu. Hawaendi kuwinda, wala hawaendi kuchuma. Huenda kutazama tu: ndege, maua ya mwitu na vipepeo.

Huenda mtu akauliza, Je, ni faida gani mtu mzima kupanda kilima ili amtazame kipepeo? Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo katika habari ya kipepeo mmoja aliyetoweka kabisa katika nchi ile, kisha akarudishwa.

MAUA YA VILIMANI

Vilima vingi vya kusini mwa Uingereza ni vya mawe ya chokaa. Udongo wake ni mwembamba, tena hauna rutuba nyingi, kwa hiyo haufai sana kwa kilimo. Lakini kwa maua ya mwitu ni mahali pema mno. Majani marefu hayapati nguvu ya kuyasonga maua madogo, hasa pale mifugo inapolishwa.

Miongoni mwa maua hayo wageni hutafuta kwanza okidi. Katika Afrika ya Mashariki okidi nyingi hukaa juu ya matawi ya miti, kama ile yenye maua ya manjano na madoadoa ya kahawia mfano wa ngozi ya chui; lakini okidi zote za Uingereza huota ardhini. Iko moja ambayo ua lake hufanana na nyuki aliyetua, hata mtu asiyeizoea husita kuligusa. Iko nyingine yenye maua ya waridi yaliyopangwa mfano wa piramidi. Kipepeo au nondo anapoingiza ulimi wake mrefu katika ua hilo ili anyonye utamu, vifurushi viwili vidogo vya chavua, yaani ule unga wa maua, hunata ulimini mwake, naye huvichukua mpaka ua jingine bila kujua. Mwanachuo Charles Darwin aliyachunguza maua hayo karibu na nyumba yake katika jimbo la Kent, akatoa kitabu juu ya okidi mwaka 1862.

Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi, wala haina akiba ya chakula ndani yake. Ili iote, hapana budi ikutane na kuvu fulani aliyemo udongoni, ambaye huilisha mpaka itoe majani yake yenyewe. Ndiyo sababu mtu akiing'oa okidi ya mwitu na kuipanda kwake, mara nyingi hufa. Sheria ya mwaka 1981 ilikataza kung'oa mmea wowote wa mwitu bila idhini ya mwenye ardhi.

KIPEPEO MKUBWA WA BULUU

Katika vilima hivyohivyo aliishi kipepeo aitwaye Mkubwa wa Buluu. Mabawa yake ni ya rangi ya buluu yenye madoa meusi, na hata yakikunjuliwa yote mawili, upana wake haufiki urefu wa kidole. Watu wa nchi ile walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1795, na kwa kuwa alikuwa adimu, wakusanyaji walimtafuta sana, wakamchoma kwa pini na kumweka katika masanduku yao ya kioo.

Idadi yake ilipozidi kupungua, watu wenye nia njema walisema, Hawa wakusanyaji ndio wanaommaliza. Basi mahali pamoja walizungusha ua ili wakusanyaji wasiingie. Lakini ua ule uliwazuia pia ng'ombe na kondoo. Majani yakarefuka, na vipepeo waliolindwa wakatoweka upesi kuliko wale wasiolindwa. Wenye kuulinda walishangaa, wala hawakujua sababu.

Mwaka 1972 mtaalamu kijana aitwaye Jeremy Thomas alikwenda kukaa karibu na mahali pa mwisho walipobaki vipepeo hao, akawafuata mchana kutwa, majira baada ya majira, akiandika kila alichokiona. Alilolijua ni hili.

Kipepeo jike hutaga mayai yake juu ya vichwa vya maua ya zaatari ya mwitu, mmea mdogo unaonukia. Kiwavi akitoka yaini hula ua lile kwa muda wa majuma mawili au matatu, kisha hujiangusha chini na kungoja. Sisimizi mwekundu akimkuta, kiwavi humpa tone la utamu, na kwa hila humfanya adhani kwamba ni mtoto wa sisimizi. Sisimizi humbeba mpaka shimoni. Humo kiwavi hukaa karibu miezi kumi, akiwala watoto wa wenyeji wake, hata huupata humo karibu uzito wake wote. Mwezi wa Juni hutoka gizani akiwa kipepeo, hupanda juu ya jani, hukausha mabawa yake na kuruka. Baada ya hapo siku zake za kuishi ni chache tu.

Habari ya sisimizi ilikuwa imejulikana zamani. Kilichokuwa hakijulikani ni kwamba si kila sisimizi afaa. Ziko aina kadha wa kadha za sisimizi wekundu wanaofanana, lakini ni katika mashimo ya aina moja tu ndimo viwavi hawa huweza kukua kwa wingi wa kutosha. Na sisimizi wa aina hiyo hupenda udongo wenye joto, yaani mteremko unaoelekea kusini, ambako majani yameliwa yakawa mafupi kiasi cha sentimita tatu au chini yake. Majani yakirefuka kidogo tu, kivuli huipoza ardhi, sisimizi yule huhama, na wa aina nyingine huchukua mahali pake.

Hapo fumbo likafumbuka. Wakulima wengi walikuwa wameacha kulisha mifugo katika miteremko ile kwa sababu haikuwaletea faida. Tena mwaka 1953 ugonjwa mbaya wa sungura uliingia Uingereza ukawaua sungura wasiohesabika, nao ndio waliokuwa wakiyala majani yaliyosalia. Maua ya zaatari yalikuwapo bado, na sisimizi wekundu walionekana, lakini hawakuwa wale wanaohitajiwa. Maarifa hayo yalikuja kwa kuchelewa. Mwaka 1979 Kipepeo Mkubwa wa Buluu alitangazwa kuwa ametoweka katika nchi nzima.

KAZI YA KUMRUDISHA

Wataalamu hawakukata tamaa. Walisafisha vichaka, wakarudisha mifugo vilimani, wakangoja sisimizi waongezeke. Kuanzia mwaka 1983 wakaleta viwavi kutoka nchi ya Sweden, ambako kipepeo wa jamii hiyo alikuwa bado yupo. Polepole vipepeo wakastawi, hasa katika vilima vya jimbo la Somerset. Mwaka 2019 viwavi wapatao 1,100 waliachwa katika malisho ya Rodborough, jimbo la Gloucestershire, na majira ya joto ya mwaka 2020 vipepeo wapatao 750 walihesabiwa wakiruka mahali ambapo hawakuwa wameonekana kwa muda wa miaka 150.

Yafaa ikumbukwe kwamba si kila namna ya kulisha inayofaa. Ng'ombe wakiachwa wengi mno wakati zaatari inapochanua, watayala maua pamoja na mayai. Kwa hiyo mifugo huhamishwa kwa majira, na mahali pengine huzuiwa kwa ua wa muda wa nyaya za umeme. Mchungaji amekuwa mshiriki wa mtaalamu, na kila mmoja anamhitaji mwenzake.

Leo watu huruhusiwa kupanda kilima cha Collard, katika Somerset, mwezi wa Juni na mwanzo wa Julai, ili wamwone kipepeo huyo. Hufuata njia, hawakanyagi ovyo, na hawana wavu mkononi. Wengine hushiriki katika hesabu ya vipepeo ifanywayo kila mwaka tangu 2010: mtu husimama mahali pamoja kwa dakika kumi na tano, huhesabu aina na idadi ya vipepeo anaowaona, na kuipeleka hesabu yake kwa chama kinachoshughulika na jambo hilo. Hata mtoto wa shule huweza kuifanya kazi hiyo.

NA HUKU KENYA

Uingereza nzima ina aina za vipepeo zipatazo 60 hivi. Msitu wa Kakamega peke yake una aina zaidi ya 400, na Arabuko-Sokoke, karibu na Malindi, una zaidi ya 250. Wengi wa wakaao karibu na misitu hiyo huwapita vipepeo hao kila siku wakienda mashambani.

Katika Arabuko-Sokoke kipepeo amekuwa mali ya halali. Tangu mwaka 1993, karibu na magofu ya Gede, kuna mradi uitwao Kipepeo. Wakulima wa kando ya msitu huwatagisha vipepeo katika vizimba, huwalisha viwavi kwa majani ya miti waliyoipanda, kisha huuza pupa, yaani kiwavi akiisha kujifunga ndani ya ganda lake. Pupa hao husafirishwa kwa ndege mpaka Ulaya na Marekani, ambako watu hulipa kiingilio waingie nyumba za vioo wawaone vipepeo wakiruka. Fedha hizo hutokana na msitu uliosimama, kwa maana msitu ukikatwa vipepeo wa mbegu watapatikana wapi?

Anayetaka kufanya matembezi ya namna hii huku hana haja ya kungoja majira ya joto. Wakati mzuri ni baada ya mvua, asubuhi jua linapokwisha kupata nguvu, kwa maana kipepeo haruki akiwa na baridi. Amwendee polepole, wala kivuli chake kisimwangukie. Okidi aitazame tawini na kuiacha hapohapo. Katika misitu yenye ndovu na nyati asiingie bila kiongozi. Achukue daftari na kalamu, aandike siku, mahali, na alichokiona, hata kama hajui jina lake, kisha mwaka ujao arudi palepale na kuandika tena. Kwa maandishi ya namna hiyo ndivyo ilivyojulikana huko Uingereza ni kwa nini kilima chenye maua tele kilikuwa kimebaki bila kipepeo.