Kisulisuli si Kimbunga

Leo nina ugomvi na neno moja.

Mwanzoni mwa Mei 2024, redio ilipotangaza kwamba kimbunga Hidaya kinaikaribia pwani yetu, nilimwambia mama mmoja jirani yangu aanue nguo na afunge madirisha. Akacheka. "Shemeji nawe! Kimbunga si kile cha jana kilichoniangushia kamba ya nguo?" Hapo nikatambua kuwa tunatamka neno moja, lakini kila mtu ana upepo wake.

Kile cha jana, shemeji, ni kisulisuli. Jina hilo linatokana na kusulika, yaani kupata kizunguzungu, na ndiyo tabia yake: huzunguka uani, huzoa vumbi na karatasi, hupanda juu, mara kimetoweka. Wengine hukiita chamchela. Utotoni tulikatazwa kukiingilia, maana wakubwa walisema ndani yake anapita shetani. Nami siwacheki. Lugha yenyewe imeziweka pepo zivumazo na pepo wapungwao katika nyumba moja.

Tufani limetoka Uarabuni, na huko kwao ni maji: ndilo neno la gharika ya Nabii Nuhu. Sisi maji tumeyaachia gharika, tufani tukalipa upepo mkali wa baharini.

Sasa kimbunga. Watabiri wa hali ya hewa wamelitwaa neno hili kwa dhoruba kubwa izaliwayo baharini, inayozunguka kwa upana wa mamia ya kilomita na kuishi siku kadhaa. Dhoruba ya namna hiyo iliipiga Unguja mwaka 1872 ikang'oa mikarafuu mingi mno. Pemba ikanusurika, na ndiyo ikawa bingwa wa karafuu. Mwaka 1952 zamu ikawa ya Lindi. Hizo haziangushi kamba ya nguo tu.

Lakini sisi wenye kalamu na vipaza sauti tumelichosha neno hili. Bati moja likiezuliwa, tunaandika kimbunga. Timu ikishinda mechi tatu mfululizo, nayo kimbunga! Halafu tunashangaa mtu akisikia onyo la kweli asiinuke kitini.

Hidaya ilifika Mafia tarehe 4 Mei, ikaishiwa nguvu. Jirani yangu hakuwa ameanua kitu. Safari hii, uani kwake, zililowa nguo tu.