Filamu ya Nyeusi na Nyeupe Inayooshwa kwa Dawa za Rangi



Anayetaka picha nyeusi na nyeupe kwa filamu atakutana na aina mbili, na kwa nje zinafanana sana. Ya kwanza ni ile ya tangu zamani, ambayo picha yake ni chembe za madini ya fedha. Ya pili huoshwa kwa dawa za filamu ya rangi, ziitwazo C-41. Mfano wake ni XP2 Super ya Ilford, ya Uingereza. Kodak nayo ilikuwa na BW400CN, lakini mwaka 2014 ilitangaza kuiacha.

Kabla ya kuchagua, jambo moja lieleweke, maana hapa ndipo watu hupoteza picha. Katika C-41, dawa huiondoa fedha yote na kuacha rangi peke yake. Kwa hiyo filamu ya kawaida ya nyeusi na nyeupe ikitiwa kwenye mashine ya rangi kwa bahati mbaya, hutoka tupu. Picha za arusi zikipotea hivyo, hakuna fundi wa kuzirudisha. Soma maandishi ya kopo. Kama hayasemi C-41, usiipeleke huko.

Faida ya aina hii ya pili ni wepesi. Filamu ya kawaida ina muda wake kwa kila dawa. C-41 ni moja kwa filamu zote: dawa ya kwanza huwa nyuzi 37.8 za Selsiasi kwa dakika 3 na sekunde 15. Maabara yoyote ya rangi inaweza kuifanya. Tena inavumilia jua kali. XP2 ni ya kipimo cha 400, lakini ukiipa mwanga zaidi, kama vile ni ya 200, picha hulainika na gauni jeupe la bibi arusi halipotezi mikunjo yake. Skana zinazofuta vumbi kwa mwali wa infraredi nazo huifanyia kazi vizuri. Kwenye filamu ya fedha mwali huo huzuiwa na fedha yenyewe.

Ikichapwa kwenye karatasi ya rangi, picha inaweza kutoka na ukahawia au ukijani. Mwambie fundi mapema airekebishe.

Udhaifu wake ni umri. Rangi hufifia, hasa penye joto na unyevu, ilhali fedha iliyooshwa vyema hudumu zaidi. Kwa picha ya babu na nyanya ambayo wajukuu wataitafuta, filamu ya fedha ndiyo chaguo bora. Kwa sherehe ya Jumamosi inayotakiwa Jumatatu, C-41 inatosha kabisa. Negativu za aina zote mbili ziwekwe pakavu, penye baridi, mbali na bati la paa.

Wenye studio wanaoosha wenyewe, dawa iliyotumika ina fedha ndani yake. Isimwagwe mtaroni wala mtoni. Iwekwe kwenye mtungi wenye kifuniko hadi ipate mtu wa kuitoa fedha hiyo.