Muulize Bibi Angali Yupo
Hotuba kwa vijana, ibada ya maadhimisho, Diaca

Wachungaji, akina mama, vijana, nanyi wageni wetu mliotoka Newala, Masasi na Mtwara mkapita Daraja la Umoja mpaka huku kwetu Diaca, poleni na barabara. Nimepewa dakika chache niseme na vijana. Wazee mtanivumilia, maana nitawasema mkiwa mmekaa hapahapa.

Fungueni Yoshua sura ya 4. Israeli wamevuka Yordani, Mungu anaagiza yachukuliwe mawe 12 kutoka mtoni. Kwa nini? Kwa sababu siku moja watoto watauliza haya mawe maana yake nini. Mimi kinachonigusa pale si mawe, jamani. Jiwe halina mdomo. Lile agizo lilihitaji mtoto wa kuuliza, na mtu mzima aliyekaa naye karibu wa kumjibu. Sisi mto wetu ni Ruvuma. Waliouvuka bado tunao, tunawapikia uji kila asubuhi, na hakuna anayewauliza.

Leo unavuka juu ya daraja lililofunguliwa mwaka 2010, unagongewa muhuri, safari inaendelea. Babu zetu walivuka kwa mtumbwi, usiku. Wengine waliikimbia pamba ya kulazimishwa na kazi za shuruti za Mreno, wakaenda kukata katani Tanganyika. Halafu ikaja tarehe 16 Juni 1960, watu wakapigwa risasi pale Mueda, mbele ya ofisi ya mtawala. Vita vya ukombozi vikaanza tarehe 25 Septemba 1964, familia nyingi zikahamia kusini mwa Tanzania mpaka uhuru wa 1975. Kuna waliorudi, kuna waliobaki. Kwa hiyo ndugu wa Masasi akimwita mtu wa Diaca "ndugu", wakati mwingine si lugha ya kanisani tu. Ni damu kabisa, ila aliyejua ukoo ulipokutana ni bibi mmoja ambaye hakuulizwa.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa msichana wakati wa vita hivyo. Walibeba mizigo kichwani kutoka mpakani, usiku, kwa mstari mmoja. Nilidhani atasema aliogopa ndege za Mreno. Hapana. Anasema aliogopa kikohozi cha mdogo wake, maana mtoto akikohoa msituni wote mnajulikana mlipo. Kitabu cha shule kilinipa tarehe. Kikohozi nilikipata kwa bibi, tena mara ya tatu ya kusikiliza hadithi ileile. Ndiyo maana nawaambia, mzee akirudia hadithi usimkate kwa "bibi, ulishasema". Mwache. Kila akirudia, kuna kitu kipya kinatoka.

Sasa niseme la hapa kwetu. Mashambulizi yalianza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017. Mwaka 2020 mji wenyewe ukatekwa, ukaja kukombolewa Agosti 2021. Sisi wa Diaca tulitawanyika: Mueda, Montepuez, Pemba, kila mtu alikofika. Nyumba zikaungua, na ndani ya nyumba vitambulisho, vyeti, picha za harusi, hata Biblia zilizoandikwa ukurasa wa kwanza majina ya watoto na siku walizozaliwa. Tuliporudi, karatasi hatuna. Lakini bibi alikuwa na kumbukumbu zake kichwani.

Kulitokea ubishi wa mpaka wa machamba kati yetu na jirani. Vijana pande zote mbili tumekaza shingo, hakuna anayejua kitu. Bibi akaomba apelekwe. Tulimpakia kwenye baiskeli. Akashuka, akatembea na fimbo yake polepole, akasimama penye kisiki kilichofunikwa na majani: "Mwembe huu aliupanda mama yangu. Kutoka hapa mpaka kwenye mikorosho ile ni kwetu, ng'ambo ni kwao." Mzee wa upande wa pili akaitikia kwamba ni kweli. Yakaisha. Na msidhani ni mambo ya kienyeji tu. Sheria ya Ardhi ya Msumbiji ya mwaka 1997 imeutambua ushahidi wa mdomo wa wanajamii, wanaume kwa wanawake, kuwa uthibitisho wa haki ya kutumia ardhi. Neno la bibi lina uzito hata kwa serikali.

Kuna jambo linaniuma na nitalisema. Baadhi yetu tukishaokoka tunamkwepa bibi. Ana nembo usoni, mdomo una tundu la ndonya, anasimulia mapiko, basi tunasema hayo ni mambo ya giza, tunahama mkekani. Wapendwa, kusikia kwamba bibi alicheza ngoma siyo kuicheza. Timotheo alianzia kwa nani? Paulo anamtaja bibi yake Loisi kwa jina. Na hata bibi ambaye si wa imani yetu, ni Mwislamu au Mkatoliki, bado ndiye aliyembeba mama yako mgongoni kuvuka mto. Tunapenda ushuhuda, si ndiyo? Kijana aliyepata visa tunampa kipaza sauti, mzee aliyevuka vita viwili tunampa kiti cha nyuma.

Mkienda kwao, msiende na maswali kama polisi. Shika kazi mkononi, menya muhogo, bangua korosho. Uliza kwa Kimakonde au Kimwani, hata kama chako kimevunjika. Atacheka, na akicheka ataanza. Usimwulize mwaka gani. Mwulize mvua ilikuwaje, walikula nini, nani alikuwa mgonjwa. Ukitaka kurekodi kwenye simu, omba ruhusa. Na akifika mahali akanyamaza, usimsukume, hasa kwa haya ya juzi. Kaa naye tu. Kuna mengine atamwambia Mungu peke yake.

Baada ya chakula wazee watakuwa chini ya ule mwembe nyuma ya kanisa, vigoda vipo. Wageni wa Newala, kuna mama pale anatafuta watoto wa dada yake aliyebaki huko baada ya uhuru. Anakumbuka majina yote. Anzeni kwake.