KUISHI NA KASUKU ANAYEUMA

(Maneno yaliyosemwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani mbele ya wenzake na wanafunzi wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Katibu wetu aliponiandikia alinitaka niseme habari za maisha ya ng'ambo. Nimeona habari hizo mmezisikia mpaka mmechoka: baridi, kodi ya nyumba, na majirani wasioamkiana. Kwa hiyo nimeomba ruhusa niseme habari za ndege. Ni ndege wa kwetu, tena wa kwetu hasa, ila mimi nilikuja kumjua kwa karibu katika mji wa Leicester, Uingereza, mwaka 2011, na tangu hapo vidole vyangu havijapata likizo.

Ndege mwenyewe ni kasuku mdogo. Mnaotoka upande wa Mwanza, Shinyanga na mbuga za Serengeti mnamjua: mwili wa kijani, uso wa rangi ya chungwa, mdomo mwekundu kama pilipili iliyoiva, na duara jeupe kuzunguka jicho kana kwamba amevaa miwani. Urefu wake ni kama sentimita 15 na uzito wake gramu 50 hivi, yaani yai la kuku laweza kumzidi. Huenda kwa makundi wakipiga kelele nyembamba, hula mbegu za nyasi, na mtama na mahindi wakipata nafasi, na hulala katika matundu ya miti au katika viota vilivyosukwa na ndege wengine. Wazungu walimpa jina la daktari mmoja wa Kijerumani, Gustav Fischer, aliyesafiri katika nchi hizi miaka ya 1880. Jamii yake yote wanaiita ndege wa mapenzi, kwa kuwa dume na jike hukaa bega kwa bega mchana kutwa wakichambuana manyoya. Jina hilo limewaponza watu wengi. Mtu hudhani amenunua mapenzi. Akifika nyumbani anakuta amenunua koleo.

Yamkini mtauliza amefikaje Leicester. Katika miaka ya 1980 ndege hawa walikamatwa nchini kwetu kwa maelfu na kusafirishwa ng'ambo. Walikuwa miongoni mwa ndege wa mwituni waliouzwa kwa wingi kuliko wote duniani. Umoja wa Ulaya ulizuia kuingizwa kwa ndege wa mwituni mwaka 2005, na mwaka 2007 ukalifanya zuio hilo kuwa la kudumu. Lakini waliokwisha kufika walitaga na kuangua humo vizimbani, kizazi baada ya kizazi. Huyu wangu alizaliwa huko huko, na hajapata kuuona mbuyu.

Alikuwa mali ya bwana mmoja tuliyefanya naye kazi ya umeme, na hiyo ilikuwa nyumba yake ya tatu. Nyumba mbili za kwanza zilimtoa kwa sababu moja: anauma. Bwana yule hakunificha. Alisema asipopata wa kumchukua kufikia Jumamosi, atampeleka kwa daktari wa wanyama akachomwe sindano ya mwisho. Nikamtazama ndege, naye akanitazama. Mimi mtu wa Usukumani nimevuka bahari nikapata riziki yangu, kisha nimwache ndege wa Usukumani achomwe sindano mbele ya macho yangu? Nikapanda naye basi, kizimba mapajani.

Mke wangu hakusema kitu siku ile. Siku ya tatu, alipoinama kusafisha kizimba, ndege akamkwea begani akamuuma sikio, damu ikadondokea kanga. Ndipo aliposema, kwa upole kabisa, "Mzee, nakupa mpaka Pasaka." Ilikuwa mwezi wa Januari. Nanyi mnaomjua mke wangu mnajua kuwa tarehe zake hazisogezwi.

Basi ikanibidi nisome. Mimi si daktari wa wanyama, lakini fundi umeme amezoea kutafuta mahali hitilafu ilipoanzia, badala ya kuupiga mtambo teke. Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba kuku hudonoa, kasuku huuma, na mambo hayo mawili hayafanani. Taya la juu la kasuku limeungwa na fuvu kwa kiungo kinachocheza, hivyo hupanuka na kubana kutoka juu na chini. Mdomo huo ndio kisu chake cha kumenyea mbegu, ndio mguu wake wa tatu anapopanda, na ndio fimbo yake ya kujaribia njia. Kabla hajakanyaga tawi, hulishika kwanza kwa mdomo aone kama linamhimili. Sasa mtu anamnyoshea kidole. Ndege anakishika kwa mdomo akipime. Mtu anapiga yowe na kuvuta mkono. Papo hapo ndege amefundishwa masomo mawili: kwamba tawi hili ni la hatari, na kwamba mdomo hufukuza mikono. Mfunzeni somo hilo kila siku kwa mwaka mzima, mtapata ndege kama wangu.

Yako na mengine aliyofundishwa. Nyumba ya kwanza walimkata manyoya ya mbawa asiweze kuruka. Ya pili walimkamata kwa glavu za ngozi kila walipotaka kusafisha kizimba. Fikirini hali yake. Ndege mwenye mbawa akiogopa hukimbia, na jambo limekwisha. Huyu hakuwa na pa kukimbilia, na kitu kikubwa cha ngozi kilikuwa kinaingia mlangoni kila wiki kumkumbatia. Alibakiwa na mdomo. Watu wakasema ana roho mbaya.

Washauri sikuwakosa. Mmoja alisema nimpulizie usoni kila akiuma. Wa pili, nimpige kibao kidogo cha mdomo. Wa tatu, nimfunike kitambaa jeusi akae gizani ajutie. Ushauri huo naudharau mpaka leo. Kiumbe wa gramu 50 anaposhambulia kiumbe wa kilo 80, ugomvi huo una hofu ndani yake, na hofu haitibiwi kwa kuongezewa sababu. Isitoshe, kasuku hupenda kishindo. Ukipiga kelele anapokuuma, kwake hiyo ni ngoma, na kesho atataka ipigwe tena.

Nilichofanya ni kidogo sana, na kilichosha. Niliweka kiti hatua tatu kutoka kizimbani, nikawa nakaa hapo kila jioni nusu saa nikisoma gazeti, mikono mapajani. Sikumgusa wala sikumwita. Wiki ya kwanza alijibana pembeni, manyoya yamelala mwilini kama aliyenyeshewa. Wiki ya pili alianza kujichambua manyoya nikiwapo, jambo ambalo ndege mwenye hofu hathubutu. Nikasogeza kiti. Kisha nikaanza kumletea shuke la mtama mdogo, ule wa punje kama za ulezi, nikilishika ncha ya mbali kabisa. Na kila siku chache nikalishika karibu zaidi kidogo. Kuingia na kutoka kizimbani nilimfundisha kwa kijiti badala ya kidole. Kijiti hakioni uchungu, kwa hiyo hakikuvutwa hata mara moja, naye akakiamini.

Katika kukaa huko ndipo nilipoona kwamba ndege huyu hakuwahi kuuma bila kusema kwanza. Kabla ya kuuma huinamisha mwili, huchomoza kichwa, hubana manyoya, jicho hukaza, na mdomo hufunguka kidogo. Akiwa analinda mahali hufanya kinyume: hujitutumua manyoya aonekane mkubwa. Hayo yote huchukua sekunde moja au mbili, na ndiyo maneno yake. Waliotangulia hawakuyasikia, kwa hiyo aliacha kuyasema kwa kirefu, akawa anafika moja kwa moja kwenye neno la mwisho. Nilipoanza kusimamisha mkono wangu mara nionapo dalili, bila kuuvuta na bila kuusukuma, dalili zikarudi kuwa ndefu. Hilo lilinishangaza kuliko yote. Alianza kunionya tena, kana kwamba ameona sasa kuna mtu nyumbani.

Sikukuu ya Pasaka ilipofika alikuwa amekula mkononi mwangu mara kadhaa, na alikuwa ameniuma mara moja katika wiki mbili. Mke wangu alisikiliza hesabu hiyo akasema, "Basi na akae." Manyoya ya mbawa yaliyokatwa yalikwisha kuanguka na mapya kuota, na siku moja mwezi wa Mei ndege akaruka kutoka juu ya kabati, akanipita mimi niliyehangaika naye, akatua begani kwa mke wangu. Tangu siku hiyo ni ndege wake. Mimi ni mpishi na mfagiaji.

Msidhani hapo ndipo habari ilipokwisha. Mwaka uliofuata alitoweka chini ya rafu ya vitabu, na kila aliyekaribia aliumwa vibaya kuliko zamani. Dume na jike wa aina hii hawatofautiani kwa macho, na mpaka siku hiyo hatukujua tunaye nani. Tulijua tulipokuta mayai manne juu ya vipande vya gazeti alivyokata mwenyewe. Jike anaweza kutaga bila dume. Mayai hayaanguliwi, lakini yeye hajui, na mahali pale ni nyumba yake apaswayo kuilinda. Tukamwachia mayai akaatamia mpaka akachoka mwenyewe, maana ukiyaondoa mapema hutaga mengine, na kutaga mfululizo humaliza chokaa mwilini hata yai laweza kukwama akafa. Tukamwekea gamba la ngisi atafune. Kisha tukaziba chini ya rafu, tukaacha kumpa magazeti, tukampa saa kumi na mbili za giza na utulivu kila usiku. Mapigano yakapungua. Kila mwaka kuna majuma fulani ambayo hafugiki, na wakati wa kubadili manyoya, vile vijiti vya manyoya mapya vikiwa na damu ndani, hata mke wangu hamgusi kichwa. Huo si utovu wa adabu. Ni mwili wake unauma.

Sasa vijana, nimesikia kwamba baadhi yenu hutega ndege kwa ulimbo kule bondeni, kama tulivyofanya sisi, na kwamba mmoja wenu ameniuliza mlangoni kama nitamfundisha kufuga mmoja wa hawa akimpata. Nitamjibu hapa hapa. Kwanza, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kukamata mnyama wa porini bila kibali, na ndege amo. Pili, huyu wangu alizaliwa kizimbani, ametunzwa na watu wawili wazima wenye subira, na bado imetuchukua mwaka na zaidi kuishi naye. Wako atakuwa na kundi lake analolijua, mwenzi wake pengine, na mti anaolala. Utamweka katika boksi chini ya kitanda cha bweni. Atakuuma, na atakuwa na haki. Ukitaka kuwajua, chukua daftari ukakae chini ya mbuyu wanapolala jioni. Hiyo haihitaji kibali, na utaona mambo ambayo mimi kwa miaka yote hii sijaweza kuyaona, maana mimi ninaye mmoja tu.

Kwa aliye naye tayari kwa njia ya halali, nina maneno machache ya manufaa. Jeraha la mdomo wake lioshwe mara moja kwa maji na sabuni. Ndege aliyekuwa mpole akaanza kuuma ghafla apelekwe kwa daktari, kwani ndege huficha ugonjwa mpaka saa ya mwisho. Wewe mwenyewe ukipata homa na kikohozi kisichoeleweka, mwambie daktari wako kwamba unafuga kasuku, maana kuna ugonjwa wa mapafu unaoambukizwa nao. Asipewe parachichi hata kidogo, ni sumu kwake. Na zile sufuria na vikaango visivyogandisha chakula visiachwe motoni vikaungua, kwa kuwa moshi wake humuua ndege kwa dakika chache hata akiwa chumba cha pili.

Baadhi yenu mmeniuliza kwa nini nisimrudishe kwao nimwachie Serengeti. Nimelifikiria usiku mwingi. Hajui kutafuta maji, hajui mwewe, hana kundi la kumpokea, na aweza kuwaletea wenzake maradhi ya vizimbani. Atabaki Leicester mpaka mwisho wake. Nilimtafutia mwenzi mwaka 2014, dume mpole sana. Walikaa vizimba viwili vilivyokaribiana kwa muda, kisha tukawafungulia sebuleni, na siku hiyo hiyo jike akamng'ata kidole cha mguu. Dume tulimpeleka kwa rafiki yetu mwenye kundi, na huko hajambo.

Safari hii tumemwacha kwa binti yetu. Jana usiku kanipigia simu kusema ndege anakula vizuri, analala mapema, na amemuuma mkwe wangu aliyetia mkono kizimbani akiwa anaangalia mpira. Nimemwuliza kama ndege alimwonya. Akasema, ndiyo baba, mara mbili.